Hatupigi Goti

Mume wa dada yangu ni karani wa mizani kwenye barabara kuu. Malori hupanda juu ya bamba la chuma, yeye husoma uzito ndani ya kibanda chake, kisha hutoa kichwa dirishani na kumwambia dereva kwamba amezidisha. Kazi hiyo anaijua, haki yake simnyimi. Lori likiwa bado mbali, kwa kutazama tu springi zilivyolala, atakwambia limebeba kupita kiasi. Bahati mbaya ni kwamba zamu yake ya mizani huisha saa tisa alasiri, na kuanzia saa kumi shemeji yangu huwa kocha.

Ukocha alijipa mwenyewe. Alikuta timu ya wasichana ya mpira wa pete pale mtaani imeachwa na mwalimu wao aliyehamishwa, akaenda dukani kununua filimbi. Vyeti vyake vyote ni hiyo filimbi. Wasichana wakamwita Kocha Msumari, naye akalipenda jina hilo mpaka akaliandika mgongoni mwa fulana. "Msumari haukunjiki," alikuwa akiwaambia. "Msumari ukikunjika umeharibika." Hakuwahi kufikiri kwamba kazi ya msumari ni kugongwa kichwani.

Inabidi niuseme na mguu wake, maana bila huo mguu hamtamwelewa. Ujanani alicheza mpira wa miguu, mchezaji wa akiba wa kudumu, na siku moja alipoingizwa uwanjani goti la kulia likapinduka peke yake, hajaguswa na mtu. Hospitali akaikataa. Akafungwa kitambaa, akasuguliwa dawa ya misuli, akalala nyumbani mpaka maumivu yakachoka yenyewe. Goti likapona kwa namna yake, yaani likaganda. Tangu hapo mguu haukunjiki. Akikaa, unatangulia mbele kama boriti, na watu wanauruka: sebuleni, benki, msibani, popote.

Kilema si dhambi. Mimi mkate wangu unatoka kwa watu wenye viungo vibovu, siwacheki. Ninachokidharau ni mtu kukichukua kilema chake na kukifanya somo la watoto wa wenzake. Mwingine angesema, "Niliumia." Yeye alisema, "Mimi sipigi goti." Halafu akawa anaamini kwamba aliamua mwenyewe. Ingekuwa shingo ndiyo iliyoganda, angewafundisha wale wasichana kutogeuka nyuma.

Mimi ni mtaalamu wa viungo katika hospitali yetu. Nina chumba chenye vyuma viwili vya kushikilia watu wanaojifunza kutembea upya, magodoro ya mazoezi, kioo kirefu na benchi la wanaosubiri. Nimesomea hayo, na nimeyafanya kwa muda mrefu kuliko yeye alivyopuliza filimbi. Shemeji yangu ananiita Mkandaji. Kwake yeye kazi yangu ni kusugua watu mafuta.

Siku niliyoenda kuyatazama mazoezi yake kwa mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi. Uwanja wao ni wa saruji iliyopasuka katikati, na pembeni kuna ukanda wa changarawe. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu iliyochuruzika: HATUPIGI GOTI. Wasichana walijipanga, mmoja mmoja akaruka kudaka mpira na kutua. Katika mpira wa pete huwezi kukimbia na mpira. Ukiudaka unasimama hapo hapo, kwa hiyo mchezo wote ni kuruka na kutua. Na Msumari alikuwa na kipimo chake cha kutua. Alisimama amefumba macho, kidevu juu, akisikiliza.

"Sijasikia!" akafoka. "Rudia! Kaza goti! Nataka nisikie pa!"

Pa. Pa. Pa. Miguu imenyooka, visigino vinagonga saruji, vichwa vinatikisika. Aliyetua kimya, kwa magoti yaliyokunjwa, alitolewa pembeni akaadhibiwa. Adhabu yenyewe? Kupiga magoti juu ya changarawe. Naomba mlisikie vizuri hilo. Timu isiyopiga goti ilikuwa na adhabu moja tu, nayo ni kupiga magoti.

Ile pa aliyoipenda, mimi nilikuwa nikiisikia kwa masikio mengine. Mtu akishuka kutoka juu, uzito wake huongezeka mara kadhaa pale anapogusa chini, na uzito huo lazima umezwe na kitu. Ukikunja vifundo, magoti na nyonga, misuli ya mapaja inaumeza, ya mbele na ya nyuma ikisaidiana. Ukikaza mguu, misuli ya nyuma haipati nafasi, ya mbele inauvuta mfupa wa ugoko uende mbele, na anayebaki kuushikilia ni ukano mmoja mfupi ulio katikati ya goti, mnene kama kidole cha mwisho. Goti likiingia ndani wakati unyayo umeng'ang'ania chini, ukano huo unasokotwa. Siku moja unakatika. Mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji. Na wasichana wa umri ule, mifupa imerefuka upesi na misuli bado inaifuata nyuma, ndio wanaoletwa kwangu zaidi. Wawili wa timu ile walikuwa wameshapita chumbani kwangu. Msumari alisema hawakuwa na moyo. Mtoto anakatika goti, yeye anatafuta moyo.

Wa mwisho kwenye mstari alikuwa binti yake mwenyewe. Walimwita Ngazi kwa urefu, na alikuwa mlinzi wa chini ya pete, hodari kuliko wote. Aliruka, akadaka, akatua pa, na magoti yake yakasalimiana. Yaligusana kabisa, goti kwa goti, halafu yakaachana. Baba yake akafumbua macho akatabasamu.

Jumapili nilikuwa nyumbani kwao kwa chakula cha mchana. Nikaona niseme naye kwa lugha anayoijua.

"Shemeji," nikamwambia, "pale kwenye mizani likija lori halina springi, utasemaje?"

"Bila springi?" Akacheka kwa dharau ya fundi. "Hilo litavunja chesisi kabla halijafika popote."

"Basi. Springi za Ngazi ni vifundo, magoti na nyonga. Wewe umezifunga kwa waya, halafu unamrusha juu ya saruji."

Aliacha kutafuna. Alifikiri, nilimwona akifikiri, na ile ilikuwa picha adimu. Nikadhani limeingia.

"Shemeji Mkandaji," akasema taratibu, "binti yangu si lori."

Meza nzima ikacheka, yeye akicheka kuliko wote. Ngazi peke yake aliinamia sahani.

"Samaki mkunje angali mbichi," nikasema, maana hasira ilikuwa imeshanipanda. "Hata wahenga walijua mtoto anakunjwa."

"Sasa hivi lori, sasa hivi samaki! Tukifika matunda atakuwa nani?"

"Kwani hizo dakika chache za kuwafundisha kutua kabla ya mazoezi zitakupunguzia nini? Nitakuja mwenyewe. Bure."

"Ile michezo yako ya chekechea, ya kuchuchumaa na kurukaruka mguu mmoja? Wapinzani wakituona si watatuletea na maziwa?"

Dada yangu alinigusa mkono chini ya meza. "Mdogo wangu, muache. Ndiye baba mtu."

Ndiye baba mtu. Sentensi hiyo imevunja miguu mingi kuliko pikipiki.

Haikupita wiki, Ngazi akaja hospitali peke yake, na sare ya shule mwilini. Alisimama mlangoni mpaka mgonjwa aliyekuwepo akatoka.

"Mamdogo, hili goti la kushoto linanisemesha."

"Linasemaje?"

"Nikitua linataka kukimbia."

Nikamweka mbele ya kioo, nikampandisha juu ya sanduku, nikamwambia aruke chini. Aliyaona mwenyewe magoti yake yakisalimiana, akashika mdomo. Tukaanza. Nilimfundisha kupeleka makalio nyuma kama anayetafuta kigoda, kifua mbele, magoti yawe juu ya vidole vya miguu na yasiingie ndani. Nikamwimarisha misuli ya nyuma ya mapaja na ya nyonga. Sharti langu lilikuwa moja: akitua, nisimsikie.

"Kwa baba nisikike, kwako nisisikike," akacheka. "Mwishowe nitatua wapi?"

"Tua hapa," nikamwambia.

Alikuwa na sababu ya kuhangaika. Kulikuwa na chuo cha ualimu kilichokuwa kinasomesha wachezaji wazuri, na mwalimu wao wa michezo alikuwa ameahidi kuja kumtazama kwenye fainali ya wilaya. Nyumbani hapakuwa na njia nyingine ya kumfikisha chuoni. Ngazi alitaka kuwa mwalimu tangu alipokuwa akiwapanga wadogo zake ukutani na kuwafundisha herufi. Yote hayo yalikuwa yamesimama juu ya goti moja.

Na ile pa ya baba yake? Hapo ndipo nilipowapenda wale wasichana. Ngazi alipokuwa anatua, mwenzake aliyekuwa nyuma yake alipiga kofi, mara moja, kwa nguvu. Msumari, macho yamefumbwa, kidevu juu, alitikisa kichwa kwa raha. "Hiyo! Hiyo ndiyo naitaka!" Baada ya muda mfupi nusu ya timu ilikuwa inatua kama paka na nusu nyingine inapiga makofi, na kocha akatangaza kwamba hajawahi kuwa na timu iliyokaza vile. Nilicheka mpaka machozi. Ni rahisi mno kumdanganya mtu anayefundisha kwa kufumba macho.

Fainali ikaja. Uwanja ulijaa, mwalimu wa chuo akakaa mbele na kofia yake pana, na Ngazi akacheza kama nilivyomfundisha. Aliruka, akadaka, akatua kimya, akatoa pasi. Nilimwona yule mwalimu akimwegemea mwenzake na kumwonyesha kwa kidole. Msumari alikuwa anatembea ukingoni mwa uwanja na mguu wake wa boriti, safari hii macho wazi, maana hata yeye hakuweza kufumba macho siku ya fainali. Na alivyoyafumbua, ndipo alipoona. Nilimwona uso ukibadilika. Binti yake alikuwa anakunja.

Zilibaki dakika za mwisho, matokeo sare, na watoto wamechoka. Uchovu ni kitu kibaya kwa magoti, misuli huchelewa kuja kazini. Mpira uligonga pete ukarudi juu, Ngazi akapaa kuufuata, mikono yote miwili juu ya kila mtu. Kelele zilikuwa za kupasua masikio. Akaudaka. Akashuka kwa mguu wa kushoto, na mguu ulikuwa umenyooka kama fimbo. Goti likaingia ndani. Hapakuwa na mpinzani karibu yake.

Mlio wa goti, naapa, niliusikia hata katika kelele zile kutoka upande wa pili, mdogo, kama kijiti kikavu.

Alianguka ameukumbatia mpira. Na shemeji yangu, mtu mzima, baba, akasimama juu ya ukingo wa uwanja akipiga kelele: "Inuka! Inuka! Hatupigi goti!" Mtoto amelala chini. Nilimpita pale nikikimbia, na kama nisingekuwa na haraka, sijui ningemfanyaje.

Jambo moja lilinisumbua nikiwa nimeushika ule mguu. Wiki zote zile Ngazi alikuwa anatua vizuri. Hata nilipomshtukiza alitua vizuri, hata alipochoka. Kwa nini pale akakaza? Nilimuuliza, akageuza uso. Sikumuuliza tena.

Ukano ulikuwa umekatika wote. Akafanyiwa upasuaji. Mwalimu wa chuo alikuja kumpa pole, mama mstaarabu, kisha akaondoka na jina la msichana wa timu nyingine. Hakuwa na kosa. Chuo hakiwezi kuandikisha mikongojo.

Basi hapo ndipo Msumari alipopata usemi. Kwenye kibanda cha mizani, kwa kinyozi, kwenye korido za hospitali, kwa kila aliyempa pole: "Ni huyu shemeji yangu, Mkandaji. Alikuwa anamfundisha kwa siri mambo ya kukunja. Goti lililozoeshwa kukunja limekunjika. Mimi nilisema. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Alilisema hilo mbele ya kitanda cha mtoto, dawa za usingizi hazijaisha mwilini. Dada yangu akanitazama kwa macho ya kuuliza, na kusema kweli macho hayo yaliniuma kuliko maneno ya mumewe. Ngazi alikuwa ameangalia dari.

Baada ya upasuaji wa namna ile, somo la kwanza katika chumba changu ni kukunja goti. Kutembea na kukimbia ni mambo ya baadaye. Goti lisilokunjwa mapema huganda, na sote tulikuwa na mfano nyumbani wa jinsi linavyoganda. Siku ile dada alikuwa kazini, kwa hiyo aliyemleta ni baba yake. Akakaa kwenye benchi la wanaosubiri, mguu ukatangulia katikati ya njia. Chumbani alikuwepo bibi mmoja mwenye kiharusi anayejifunza kufinya mpira wa sponji, na mwashi aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Msumari akawapa pole, kisha bila kuulizwa akawapa na hadithi.

"Wa kwangu huyo," akawaambia. "Asiyesikia la mkuu, bibi."

"Huvunjika guu," bibi akamalizia, kwa mdomo wake uliopinda, kama inavyostahili kumjibu mtu.

Ngazi alikuwa amelala kwenye godoro, kisigino juu ya taulo, akijaribu kukivuta kuelekea kwake. Kisigino hakikusogea. Jasho lilimtoka. Nilimwambia alegeze paja, avute pumzi, akunje. Paja likakaza. Nikamwambia tena. Likakaza zaidi. Halafu akaacha kujaribu, akainuka kwa viwiko.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"La mkuu nililisikia."

Msumari akatabasamu, akidhani anaombwa radhi mbele za watu. "Afadhali umelitambua."

"Siku ile. Nilikuwa juu, mpira ninao, nimeshaanza kukunja. Ukasema kaza. Nikakaza."

Bibi aliacha kufinya mpira wake. Shemeji yangu alinitazama kana kwamba maneno yale nimeyatia mimi mdomoni mwa mtoto. Sikuyatia. Ningekuwa na akili ya kuyatunga, ningeyatunga zamani.

"Kelele zilikuwa nyingi," akasema. "Watu wote walikuwa wanapiga kelele pale. Huwezi kujua ni nani."

"Sauti yako naijua."

Mwashi alijishughulisha na kamba za viatu vyake.

"Sasa sema kunja," Ngazi akamwambia.

"Si yupo mama yako mdogo? Ndiye mtaalamu. Yeye atakwambia."

"Mguu wangu haumsikii mamdogo, baba. Ungekuwa unamsikia, nisingekuwa hapa."

Nilisimama na taulo jingine mkononi. Nimewahi kumwona mtu huyu akibishana na refa, na madereva wa malori, na marehemu baba yetu, na hakuwahi kukosa neno. Sasa alilitafuta neno moja, ambalo kila mtoto wa chekechea analo, na halikuwepo. Alikuwa amelifukuza kwa miaka mingi. Akatazama sakafu.

"Kunja," akanong'ona.

"Sijasikia," Ngazi akasema. "Rudia."

Hilo aliliokota pale uwanjani kwao, kwenye saruji, na alimrudishia kama lilivyokuwa.

"Kunja." Akapandisha sauti mpaka wauguzi wa koridoni wakageuka. "Kunja, mwanangu! Kunja goti!"

Ngazi akalala chali, akafumba macho, kidevu juu, akisikiliza. Kisigino kikasogea juu ya taulo. Goti likapanda kidogo, likatetemeka, likapanda tena. Ilikuwa chini ya nilichokitaka na zaidi ya jana. Alikuwa analia, lakini hakuacha.

Mtu mwenye huruma kuliko mimi angemwonea shemeji huruma saa ile. Macho yake yalikuwa mekundu na midomo ilikuwa bado inalisema lile neno, bila sauti. Nilimtazama vizuri, nikaitafuta huruma hiyo ndani yangu, sikuikuta. Msumari uliopinda unaweza kuunyoosha. Goti la mtoto haliwi tena lile alilozaliwa nalo.

Bibi alimaliza zamu yake, akashika fimbo, akataka kutoka. Njia ilikuwa imezibwa.

"Shemeji," nikamwambia, "vuta mguu, mgonjwa apite."

Hakuweza kuuvuta. Akalishika paja kwa mikono miwili, akageuza mwili mzima, mguu na kiwiliwili pamoja, kama mtu anayehamisha kabati, akabaki ameukabili ukuta mpaka bibi akapita.